Ngozi ya Ororo: Jinsi ya Kupaka Upya na Kugeuza Visanamu vya Mashujaa

Ororo niliyemkuta kwenye sanduku la mtumba alikuwa na uso wa kahawia tupu, kama mlango uliopigwa mkono mmoja wa rangi, fundi akaondoka. Hakuna shavu, hakuna kivuli chini ya kidevu, hakuna mwanga kwenye paji la uso. Macho yalikuwa nukta mbili nyeupe, moja imepanda juu ya nyusi. Nilikuwa mwanafunzi Marekani wakati huo, na duka la michezo la jirani liliweka sanduku pale kaunta, limejaa visanamu ambavyo wachezaji walikuwa wameshavichoka. Nilimnunua kwa bei isiyofika ya soda, nikarudi naye Dar es Salaam, akakaa kwenye rafu miaka mingi. Siku moja mpwa wangu alimshika, akamgeuzageuza, akauliza: "Anko, huyu si ndiye yule wa Kenya? Mbona wamempaka tope?"

Ndiye yule wa Kenya. Ororo Munroe, anayejulikana zaidi kwa jina la Storm, aliingia kwenye vitabu vya katuni vya Marvel mwaka 1975, katika Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Katika hadithi yake mama ni Mkenya na baba ni Mmarekani mweusi, na mara ya kwanza wasomaji walimkuta Kenya, watu wamemwendea kumwomba mvua. Mwanamke wa namna hiyo hastahili uso wa tope. Usiku ule nilimtoa kwenye rafu, na tangu hapo sijaacha kupaka.

Nitamtumia yeye kuwa mfano mwanzo hadi mwisho. Ukimweza Ororo utawaweza wengi, kwa sababu ana ngozi nyeusi, nywele nyeupe na vazi jeusi, vitu vitatu vinavyomshinda anayeanza.

Mchezo wenyewe unaitwa HeroClix. Kampuni ya Kimarekani ya WizKids iliutoa mwaka 2002, na jina limetokana na mlio: kila kisanamu kimesimama juu ya kitako cha mviringo chenye kisahani ndani, na ukikizungusha kisahani kinalia kwa pigo dogo, namba mpya zikatokea kwenye kidirisha. Ni namba za mwendo, shambulio, ulinzi na madhara. Shujaa akipigwa, kisahani kinazungushwa na namba zake zinabadilika. Visanamu vinauzwa vikiwa vimeshapakwa rangi kiwandani, kwa maelfu, na kila rangi inayoongezwa ni gharama. Ndiyo maana uso wa shujaa unapewa rangi moja na macho yanaachwa yaangukie popote.

Kisahani ndicho tahadhari ya kwanza. Maji, rangi au gundi vikiingia humo, kinakwama, na shujaa wako atabaki pambo. Tahadhari ya pili ni pete. Matoleo ya mwanzo yalitoa umbo lilelile kwa madaraja matatu, na kitako kikazungushiwa pete ya njano kwa anayeanza, bluu kwa mzoefu, nyekundu kwa mkongwe. Pete hiyo, pamoja na maandishi yote ya kitako, usiiguse kwa brashi. Mwenzako mezani anamtambua shujaa kwa kitako, hata kama juu umembadilisha hadi mamaye hamjui. Na kama unakwenda kwenye mashindano, mwulize mwandaaji kabla ya siku yenyewe ikiwa kisanamu kilichogeuzwa kinakubaliwa.

Kazi inakuwa raha zaidi ukimtoa shujaa kwenye kitako. Amegundishwa miguuni. Pitisha wembe mwembamba wenye mpini chini ya soli, sukuma kidogo, zunguka upande wa pili, sukuma tena, makali yakielekea mbali na vidole. Akigoma usimlazimishe, maana vifundo vyake ni vyembamba na vitakatika. Mwache alipo, funika kitako kwa kipande cha mfuko wa plastiki, kisha zungushia utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi. Aliyetoka mgundishe juu ya kifuniko cha chupa ya maji kwa tone moja dogo la gundi, ili ushike kifuniko na si mwili. Mafuta ya vidole ni adui wa rangi kila hatua.

Kabla ya kufungua kopo lolote, ijue plastiki. Visanamu hivi ni PVC laini, ndugu wa mpira wa kumwagilia bustani. Kiwandani huchanganywa na vilainishi ili isivunjike ikianguka, na vilainishi hivyo havipatani na vimiminika vikali vilivyomo kwenye rangi nyingi za kupuliza. Nililijua hili kwa hasara. Nilimpulizia Wolverine, kisanamu changu kingine, praima (rangi ya msingi) ya kopo niliyoinunua dukani, ikakaa vizuri, ikaonekana imekauka, kesho yake nikamshika na alama ya kidole ikabaki mgongoni. Nikamwacha wiki, nikamwacha mwezi. Alikuwa ananata kama kaimati yenye shira, na vumbi lote la chumba likahamia kwake. Tangu hapo situmii kopo la kupuliza kwenye plastiki laini. Natumia praima ya akriliki ya kupaka kwa brashi, inayochanganyika na maji. Thina ya mafundi na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha viweke mbali kabisa, maana asetoni hula plastiki yenyewe.

Mwoshe kwanza, na hatua hii usiiruke. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani wenye nywele laini. Kiwandani kisanamu kilitolewa kwenye kalibu iliyopakwa mafuta ili kisigande, na mabaki ya mafuta hayo bado yako kwenye mikunjo ya vazi. Kama bado yuko juu ya kitako, usimchovye, mpanguse kwa mswaki wenye unyevu tu. Kisha mwache akauke kabisa.

Wengi huniuliza kama ni lazima kuibandua rangi ya kiwandani. Mara nyingi si lazima. Ni nyembamba, na praima itakaa juu yake bila shida. Ibandue tu pale ilipojaa hadi imeziba mikunjo, au mwenye kisanamu wa kwanza alipokwisha kukipaka kwa rangi nzito. Hapo chukua spiriti ya kusafishia vidonda, chovya pamba, sugua sehemu ndogondogo na usuuze mara moja. Usimloweke humo usiku kucha.

Sasa tuje kwenye kugeuza umbo. Hili hufanywa kabla ya rangi, na ndiyo sehemu iliyoniteka kuliko zote.

Kosa dogo kabisa ni kupinda. Visanamu vinasafirishwa vimebanwa kwenye vifungashio, na Ororo wangu alikuwa ameinama kulia kama anayekwepa jiwe. Dawa yake ni bakuli mbili. Moja ina maji yaliyotoka kuchemka, nyingine ina maji ya barafu. Mshike kwa kibanio, mwingize kwenye maji moto kwa nusu dakika hivi, mtoe, mnyooshe taratibu unavyotaka, na ukiwa bado umemshikilia hivyohivyo mzamishe kwenye maji ya barafu mpaka apoe. PVC ikipoa inashika umbo jipya. Kama baada ya siku mbili anarudi alivyokuwa, ujue joto halikufika katikati, rudia. Njia hiyohiyo inainua mkono au inageuza kichwa. Ila usimkaribishe kwenye kiberiti wala jiko. PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi inayodhuru mapafu.

Kubadilisha kichwa au mkono kunataka wembe mpya na subira. Kata mahali ambapo mshono utajificha: shingoni chini ya ukosi, kiunoni kwenye mkanda, kwenye ukingo wa glavu. Sehemu mpya usiitegemeze kwa gundi peke yake. Nyoosha klipu ya karatasi, toboa tundu dogo kila upande kwa keekee ya mkono yenye sindano ya milimita 1, ingiza kipande cha waya kiunganishe pande mbili, ndipo utie supa gluu. Ili matundu yakutane sawasawa, tia nukta ya rangi mbichi kwenye tundu la kwanza, bana sehemu ya pili juu yake, na ile alama itakayobaki ndipo pa kutoboa. Gundi ya wajenzi wa ndege na magari ya plastiki ngumu haifai hapa. Ile hufanya kazi kwa kuyeyusha plastiki ya aina nyingine, na kwenye PVC laini haishiki.

Mimi nilitaka jambo kubwa kidogo. Mwaka 1983, katika Uncanny X-Men namba 173, mchoraji Paul Smith alimtokeza Ororo amenyolewa kiduku na amevaa ngozi nyeusi, na zile nywele ndefu zimekwenda. Wasomaji wa wakati ule walishtuka. Kwangu ndiye Ororo aliyejichagulia mwenyewe, na nilimtaka huyo mezani.

Nilikata nywele kidogo kidogo, sikuthubutu kuzikata kwa mkupuo mmoja. Wembe ulichukua tabaka jembamba, nikageuza, tabaka jingine, mpaka fuvu lilipoanza kuonekana la mviringo. Kisha tupa ya kucha, kisha msasa laini uliolowanishwa. Lowanisha msasa daima, na vaa barakoa, kwa sababu vumbi la PVC si la kuvuta. Kwa kiduku chenyewe nilitumia puti ya epoksi ya wachongaji iitwayo Green Stuff. Inauzwa kama utepe wenye pande mbili, bluu na njano, nawe unakata vipande sawa na kuvifinyanga pamoja hadi viwe kijani kimoja kisicho na michirizi. Pale katikati ya utepe ambapo bluu na njano zimegusana tangu dukani, kata utupe, maana hapo imeshaanza kuwa ngumu na itakuachia chembechembe.

Una muda wa saa moja hadi saa moja na nusu kabla haijagoma. Weka kipande chembamba kama mbegu ya tango juu ya fuvu, kibonyeze kikamate, kisha kiinue kuwa ukingo. Chombo chako, iwe sindano nene au kijiti cha meno, kichovye maji kila mara ili puti isikinate. Chora nywele kwa kuvuta kutoka mzizi kwenda ncha, mstari baada ya mstari, bila kuilinganisha sana mistari. Halafu acha. Kesho yake, saa 24 zikiisha, ndipo uguse. Epoksi ya mafundi bomba inayopatikana kila duka la vifaa vya ujenzi inaweza kukusaidia kwa kazi nene, kama mwamba wa kusimamia, lakini inakauka kwa dakika chache na haina subira ya kuchorwa nywele.

Radi ya mkononi ni kazi rahisi inayopendeza. Chuna waya wa simu mbovu, chomoa uzi mmoja wa shaba, ukunje zigizagi kwa koleo yenye mdomo mwembamba, toboa kiganja, ingiza, gundisha. Usizipe pembe zote urefu mmoja. Radi ya kweli hupinda kwa fujo, na tawi moja dogo linalochepuka pembeni litaifanya iaminike.

Praima inafuata. Paka mkono mmoja mwembamba wa kijivu, brashi ikivutwa upande mmoja, na uache usiku mzima. Kijivu nakipendelea kuliko nyeusi au nyeupe kwa sababu kinakuonyesha umbo kwa ukweli: nyeusi inaficha mikunjo, nyeupe inakutisha kila unapokosea. Hapa ndipo pia makosa ya wembe na msasa yanapojitokeza. Rudi uyasawazishe, paka tena.

Kuhusu rangi na brashi sitakaa sana. Akriliki za visanamu, kama za Vallejo au Citadel, zina chembe za rangi zilizosagwa laini, kwa hiyo hata ukizipunguza kwa maji bado zinafunika. Zikikosekana, akriliki za wasanii zinafaa kuliko rangi yoyote ya ukutani. Brashi mbili nzuri zinatosha, namba 1 kwa sehemu kubwa na namba 0 kwa uso. Wanaoanza hununua brashi nyembamba kuliko zote wakidhani ndiyo ya macho, kumbe haibebi rangi, inakauka kabla haijagusa kisanamu. Kinachotakiwa ni ncha kali yenye tumbo la kubeba rangi. Brashi za wapamba kucha zinazouzwa Kariakoo zimenisaidia siku ambazo sikuwa na nyingine, na baadhi zina ncha nzuri kweli.

Joto la pwani linakausha akriliki upesi. Tengeneza kibao chenye unyevu: kontena bapa lenye mfuniko, kitambaa cha jikoni au sponji iliyolowa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi ikikaa juu ya karatasi hiyo inavuta maji kutoka chini na haikauki kwa saa nyingi. Kabla ya kugusa kisanamu, ijaribu kwenye ukucha wa gumba. Inatakiwa iteleze kama maziwa yaliyotiwa maji kidogo, isitiririke, isiache matuta. Mikono miwili au mitatu myembamba ndiyo siri ya kila kisanamu ulichowahi kukitamani. Mkono mmoja mzito unaziba kope, midomo na vidole alivyochonga mchongaji.

Sasa ngozi.

Kaa dirishani asubuhi, tazama mkono wako. Kwenye vifundo vya vidole kuna weusi wenye zambarau. Nyuma ya kiganja, pale mwanga unapoangukia, kuna wekundu wa udongo, na karibu na mfupa kuna njano ya ufuta. Kiganja chenyewe ni rangi nyingine kabisa. Ngozi nyeusi haina kahawia moja, ina joto na ubaridi vinavyopishana, na anayetaka kuipaka inambidi avione vyote viwili.

Kosa kubwa, ambalo hata mafunzo mengi hulifanya, ni kupata mwanga kwa kuchanganya kahawia na nyeupe. Matokeo yake sisi tuna neno lake tangu utotoni: kupauka. Uso unageuka jivu, kama mtoto aliyetoka kuoga akakimbilia shule bila mafuta. Nyeupe inaua joto la rangi. Mwanga wa ngozi nyeusi utafute kwenye njano ya udongo, kwenye chungwa, kwenye rangi ya mchanga, na nyeupe iache chupani.

Mimi naanza na kivuli. Kahawia nzito, ile ya kahawa iliyokaangwa sana, naitia chembe ya bluu iliyokolea au zambarau, na napaka ngozi yote: uso, shingo, mikono. Ikikauka anaonekana mweusi kupita kiasi, na hapo wengi huogopa wakarudi nyuma. Usirudi. Mkono wa pili ni kahawia ileile bila bluu, ikiwa na wekundu kidogo, sehemu nne kwa moja. Huu unapakwa kila mahali isipokuwa kwenye mashimo: chini ya nyusi, pembeni mwa pua, chini ya mdomo, chini ya kidevu, makutano ya mkono na kwapa. Mkono wa tatu unaongezewa njano ya udongo, na unakwenda juu tu: paji la uso, daraja la pua, vichwa vya mashavu, kidevu, bega, mgongo wa mkono. Wa nne una njano zaidi na chembe ya rangi ya mchanga, na ni nukta na mistari tu, kwenye ncha ya pua, juu ya shavu, ukingo wa bega.

Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kwa ukali. Mng'ao wake ni mdogo na kingo zake zinaonekana wazi, tofauti na ngozi nyeupe ambamo mwanga husambaa. Kwa hiyo zile nukta za mwisho usizitawanye ukidhani unalainisha. Ziache ndogo, ziache kali. Ukiona mpito kati ya mkono na mkono umekuwa mkavu mno, changanya kahawia nyekundu na maji mengi, sehemu moja kwa tano au sita, kausha brashi kidogo kwenye kitambaa, kisha vuta utando huo juu ya uso wote. Mara moja, ukauke, mara ya pili. Rangi zote zitashikamana kuwa mtu mmoja.

Midomo: kahawia yenye damu ya mzee, wa juu uwe mweusi kuliko wa chini kwa sababu mwanga hutoka juu. Viganja: mchanga wenye waridi kidogo. Hiki cha viganja kinachukua dakika mbili, na kila aliyemshika Ororo wangu amekiona kwanza.

Macho yake ni zawadi kwa anayejifunza, kwani anapoziita nguvu zake huwa meupe yote bila mboni. Paka shimo la jicho kwa kahawia nyeusi kabisa. Likikauka, weka ndani yake mstari mwembamba wa nyeupe iliyotiwa kijivu, usifike kingoni. Weusi unaobaki kuzunguka ndio wanja wake. Ukipitiliza, rudisha kwa rangi ya ngozi, usijaribu kufuta. Pumzi itoe nje taratibu ndipo uguse, viwiko viwili vikiwa mezani na viganja vimegusana.

Kiduku cheupe kisianze na nyeupe. Anza na kijivu chenye bluu ya mbali, kisha kijivu chepesi kwenye migongo ya nywele, kisha nyeupe safi kwenye ncha tu. Kwa kuwa nywele umezichonga kwa mistari, brashi kavu itakufaa: chovya, futa kwenye karatasi mpaka ionekane haina kitu, halafu pangusa juu juu. Vazi jeusi nalo halipakwi nyeusi tupu, maana mikunjo yote itapotea. Paka kijivu cha usiku kinachoelekea bluu, rudisha nyeusi kwenye mashimo, kisha chora ukingo wa kila mkunjo kwa bluu iliyofifia.

Hiyo bluu kwenye nyeusi ina historia. Vitabu vya zamani vya katuni vilichapwa kwa wino nne kwa vinukta kwenye karatasi duni, na bluu ndiyo iliyotumika kuonyesha mwanga juu ya nywele na nguo nyeusi. Uchapaji ndio pia uliombadilisha Hulk: katika namba yake ya kwanza, mwaka 1962, alikuwa wa kijivu, lakini kijivu kilitoka tofauti ukurasa hadi ukurasa, na kuanzia namba ya pili akawa wa kijani. Iron Man naye alitoka kijivu mwaka 1963 na toleo lililofuata akapakwa dhahabu. Na ngozi za watu weusi kwa wino hizohizo mara nyingi zilitoka kijivu au tope. Kwa hiyo mtu akikuambia umeharibu rangi "halisi" ya shujaa, mwonyeshe kwamba rangi hiyo ilichaguliwa na mashine ya uchapaji. Wewe una brashi na chupa kumi, huna kikwazo kile.

Radi ipake nyeupe, kisha utando mwembamba wa samawati kwenye mizizi na pembe zake. Halafu chukua samawati ileile iliyopunguzwa sana, gusa upande wa ndani wa mkono unaoishika, chini ya kidevu, na ukingo wa kiduku ulioelekea radi. Juu ya ngozi ya kahawia samawati hiyo inakuwa baridi ya usiku wa mvua. Usizidishe. Ikifika kwenye goti, umezidisha.

Kisanamu cha mchezo kitashikwa, kitaanguka, kitarushwa kwenye kisanduku na wenzake, kwa hiyo vanishi ni ya lazima. Acha rangi ikae siku moja kamili. Tumia vanishi ya akriliki ya kupaka kwa brashi: kwanza mkono mmoja wa ile ya kung'aa, ambayo ndiyo ngumu, kisha isiyong'aa juu yake ili uso usionekane umemwagiwa mafuta. Chupa ya isiyong'aa ikoroge kwa kijiti hadi chini, maana unga unaozuia mng'ao hutuama. Ukiitikisa kwa nguvu utapata mapovu na yatakaukia usoni. Kama bado unashawishika na ya kupuliza, kumbuka kwamba hewa yenye unyevu mwingi, kama yetu ya pwani msimu wa masika, huweza kuigeuza ukungu mweupe juu ya kazi ya wiki nzima. Mwisho, rudisha mng'ao mahali pawili tu, midomoni na kwenye macho, kwa ncha ya brashi.

Kumrudisha kwenye kitako, kwangua rangi chini ya soli ili gundi ishike plastiki kwa plastiki. Tone moja dogo kila mguu, kwa ncha ya sindano, usimimine kutoka kwenye chupa. Mbonyeze hadi ashike, kisha mwache wazi mpaka kesho yake, kwa sababu mvuke wa supa gluu ukifungiwa kwenye kisanduku huacha utando mweupe juu ya rangi. Halafu shika kitako, zungusha kisahani pole pole mzunguko mzima, ukisikiliza mlio wa kila namba. Wangu uligoma kwenye namba ya tatu, tone lilikuwa limechungulia ndani. Nililikwangua kwa ncha ya wembe, nikazungusha tena, ukalia.